Gemu za Siku ya Kwanza Hazikufika Kariokor

Kila konsoli mpya ya gemu ikitoka, watu hugombana juu ya jambo lile lile: gemu zinazokuja nayo siku ya kwanza zinatosha kukufanya uinunue mapema, ama ungoje? Waligombana Novemba 2020 wakati wa PlayStation 5. Wakagombana tena Juni 2025 wakati Nintendo walileta Switch 2 kwa dola 449.99, bila kuhesabu bei ya Mario Kart World. Huwa nasoma mabishano hayo yote, sijui kwa nini, halafu nashangaa kwamba pande zote mbili zinakubaliana kwenye kitu kimoja ambacho mimi sikubaliani nacho. Wanaamini siku ya kwanza ni moja kwa dunia nzima.

Mimi ni mtoto wa Kariokor. Kwetu siku ya kwanza ya PlayStation 2 ilifika kama miaka minne baada ya siku ya kwanza ya Tokyo, na ilifika ikiwa na gemu tofauti kabisa. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuandika hapa, kwa sababu nadhani inajibu lile swali vizuri kuliko orodha za wakaguzi, na pia kwa sababu miaka ya karibuni jibu lenyewe limeanza kuyumba.

Kwanza mtaa. Jina Kariokor ni Carrier Corps lililotafunwa na ndimi zetu: kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya kubeba mizigo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Dar es Salaam wana Kariakoo yao, jina ni hilo hilo na chanzo ni hicho hicho. Ukiingia soko la Kariokor leo utakuta viondo, mikanda ya ngozi, nyama choma, na mafundi wanaokata tairi kuukuu za magari wakitoa akala. Gikomba, mama wa mitumba yote, hauko mbali. Huu ni mtaa ambao umezoea kupokea kitu kikiwa tayari kimetumika na mtu mwingine, kisha kukifanyia kazi ambayo mwenyewe wa kwanza hakuifikiria. Shati la Mjerumani linakuwa shati la harusi. Tairi ya lori inakuwa kiatu. Sioni kwa nini PlayStation ingekuwa tofauti.

Kabla ya PlayStation kulikuwa na zile mashine za kuigiza Famicom, ile konsoli Nintendo waliyoitoa Japani mwaka 1983. Zetu zilikuja na kanda za rangi ya njano zilizojisifu kuwa na gemu mia kadhaa, na ukihesabu vizuri zilikuwa kama nane zimerudiwa-rudiwa kwa majina mapya. Contra ilikuwemo. Mario alikuwemo. Kulikuwa na ile ya kupiga bata kwa bunduki ya plastiki. Super Mario Bros. ilitoka 1985, mimi niliicheza miaka ya tisini ikielekea kuisha, na hakuna aliyeniambia kwamba ni gemu ya zamani. Kwetu ilikuwa mpya kabisa. Mtu anayesema gemu fulani "imepitwa" anasema kitu kuhusu mahali anapokaa.

Halafu ikaja base. Kwa wale waliokulia nyumba zenye konsoli yao, nieleze. Base ni chumba kimoja, mara nyingi cha chini kwenye fleti au kibanda cha mabati ukutani mwa fleti, chenye benchi, pazia zito ili jua lisipige skrini, na runinga mbili tatu. Enzi zangu runinga ilikuwa Great Wall ya inchi kumi na nne, ile unayoipiga makofi kidogo mgongoni picha ikikataa kutulia. Unalipa kwa mechi. Tulianza na ashara, ikapanda mbao, sasa hivi kwa sehemu nyingi ni zaidi ya hapo. Na sheria kuu ya base, ambayo haikuandikwa ukutani lakini kila mtu aliijua: anayefungwa ndiye anayelipa.

Fikiria sheria hiyo inafanya nini. Mchezaji mkali anaweza kuingia saa nne asubuhi na shilingi kumi mfukoni na kutoka jioni nazo. Mnyonge anagharamia burudani ya mtaa mzima. Na muhimu zaidi kwa mada yetu, sheria hiyo ndiyo ilichagua gemu. Gemu ya base lazima ichezwe na watu wawili, lazima iishe kwa muda mfupi, na walio kwenye benchi lazima waelewe bila kuelezwa nani amepoteza. Tekken 3 ilipita mtihani huo (dada yangu, mmoja wa wasichana wachache walioruhusiwa kuingia bila maneno, aliwachapa wavulana kwa kumchukua Eddy na kubonyeza vitufe vyote kwa pamoja, mpaka leo wanasema haikuwa haki). Winning Eleven ilipita. Gemu ya hadithi ya mtu mmoja ya saa arobaini, hata ingekuwa nzuri namna gani, mwenye base hangeweza kuila ugali.

Sasa chukua mtihani huo uende nao kwenye uzinduzi wa PS2. Sony waliiuza Japani kuanzia Machi 4, 2000, na Marekani kuanzia Oktoba 26 mwaka huo. Japani ilikuja na Ridge Racer V na Street Fighter EX3. Marekani walikuwa na gemu zaidi ya ishirini siku ya kwanza, zikiwemo Tekken Tag Tournament, SSX, TimeSplitters, na FantaVision, ambayo ni gemu ya fataki. Ya fataki, ndiyo. Kuna chache nzuri hapo, sikatai, lakini ni orodha ya kawaida sana kwa mashine ambayo baadaye ingeuza zaidi ya milioni 155, nyingi kuliko konsoli nyingine yoyote. Wajapani wengi waliinunua kwa sababu ilicheza DVD na bei yake ilikuwa chini ya vicheza-DVD vingi vya wakati huo. Marekani walipigania zile chache zilizokuwepo, maana Sony walikosa vipuri na kupunguza mashine za siku ya kwanza kutoka milioni moja hadi nusu milioni.

Wakati huo huo Sega walikuwa na Dreamcast, iliyotoka Marekani Septemba 9, 1999, na orodha ya siku ya kwanza ambayo mpaka leo inatajwa kati ya bora kabisa. Soulcalibur peke yake ilikuwa sababu ya mtu kuuza baiskeli. Machi 2001 Sega wakaacha kuitengeneza. Kariokor sikuwahi kuiona hata moja. Kwa hiyo mashine yenye gemu nzuri siku ya kwanza ilikufa ndani ya miaka miwili, na yenye gemu ya fataki ikatawala dunia. Ningekuwa mtu wa kufupisha mambo ningeishia hapo.

Lakini ngoja PS2 ifike mtaani. Ile ya kwanza ninayoikumbuka kwenye base yetu ilikuja karibu 2004, ikiwa imetumika ng'ambo, na imepitia Luthuli Avenue kwa fundi aliyeichomelea chipu ndani ili isome diski za kuchomwa. Diski yenyewe ulinunua kwa soo au zaidi kidogo. Hiyo chipu ndiyo iliyoamua kila kitu. Konsoli bila chipu ilikuwa ya watoto wa Lavington, kwa sababu diski halisi moja ilikuwa kodi ya chumba. Siitetei biashara hiyo mbele ya waliotengeneza zile gemu. Nasema tu kwamba bila fundi wa Luthuli hakuna historia ya gemu Eastlands ya kuandikwa.

Na tazama tulikuwa na nini katika mwaka mmoja na nusu wa mwanzo. San Andreas, iliyotoka Oktoba 2004. God of War, Machi 2005. Tekken 5. Def Jam: Fight for NY, ambapo ungeweza kumpiga Snoop Dogg kichwa kwenye spika. Need for Speed: Most Wanted. Na PES, kila mwaka PES. Hiyo ndiyo ilikuwa orodha yetu ya uzinduzi. Sisi tulizindua PS2 yetu na gemu bora kuliko Tokyo, bora kuliko New York, na hatukuhitaji kukesha kwenye foleni ya duka. Aliyenunua 2000 alilipa dola 299 acheze Ridge Racer V na angoje. Aliyengoja alikuta meza imeandaliwa.

Usiku base hiyo hiyo ilikuwa sinema. DVD inawekwa, DJ Afro anaanza kupiga kelele juu ya sauti ya Van Damme, na watu wanalipa kuingia. Kumbe Wajapani hawakuwa wajinga.

PES 6 inahitaji aya yake. Ilitoka Ulaya Oktoba 2006, na kwa Uingereza walikuwa na leseni ya Arsenal na Manchester United tu. Chelsea iliitwa London FC. Liverpool iliitwa Merseyside Red. Mashabiki wa Chelsea wa Kariokor, waliokuwa wametoka tu kushinda ligi mara mbili mfululizo, walilazimika kusema kwa sauti mbele ya watu, "Mimi nachukua London FC." Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti 99, akipiga kutoka katikati ya uwanja kipa anaruka kwa heshima tu. Kuna base zilipiga marufuku kumchukua Inter. Nimeona wanaume wazima, wenye watoto, wakisusiana wiki nzima kwa sababu ya Adriano.

Mwezi mmoja baada ya PES 6, Novemba 2006, Sony wakatoa PlayStation 3 kwa dola 499 na 599. Shilingi wakati ule ilikuwa kama 70 kwa dola, kwa hiyo ile kubwa ilikuwa karibu 42,000 kabla hata haijapanda ndege. PS2 mpya ilikuwa dola 129. PS3 ilikuja na Resistance na Ridge Racer 7. Na gemu iliyosubiriwa zaidi na wenye PlayStation wakati huo, God of War II, ilitoka Machi 2007 kwa PS2. Soma tena: miezi minne baada ya mashine mpya, Sony wenyewe waliweka gemu yao kubwa kwenye mashine ya zamani. Kisha PES 2008 ilipofika PS3 ilikwama-kwama mpaka ikawa kichekesho, wakati ile ya PS2 ilikimbia vizuri tu.

PS3 haikuingia base za kwetu kwa wingi hadi ilipopatikana njia ya kuifungua, mwaka 2010. Hata hapo ilihitaji skrini bapa ili uone faida yake, na skrini bapa kwetu zilienea baadaye, karibu na lile sokomoko la kuhama analojia kwenda dijitali la mwisho wa 2014, wakati Great Wall za watu ziligeuka meza za kuwekea maua. Mashine mpya hailetwi na gemu peke yake. Inaletwa na runinga, na fundi, na bei ya stima.

Kuna picha moja naipenda kutoka vuli ya 2013. Mwaka huo PlayStation 4 ilizinduliwa Marekani Novemba 15, kwa dola 399, na moja ya gemu za siku ya kwanza ilikuwa FIFA 14. FIFA 14 hiyo hiyo ilitoka kwa PS3. Na FIFA 14 hiyo hiyo ilitoka kwa PS2, mashine ya miaka kumi na tatu. Ya PS2 kwa kweli ilikuwa gemu ya zamani iliyobadilishiwa majina ya wachezaji na jezi, lakini kwa mtu wa base majina ya wachezaji ndiyo gemu. Ukimwambia Ozil ameenda Arsenal na kwenye skrini yako bado yuko Madrid, anatoka anaenda base ya jirani. Siku hiyo ya kwanza ya PS4, msee wa Kariokor angeweza kupata kitu kile kile alichokitaka kutoka mashine ya elfu tano. Killzone na Knack hazikumhusu.

Mpaka hapa hadithi ni nyepesi: ngoja. Kila kizazi kilimtendea mema aliyengoja. PS2 ilishuka mpaka dola 99 mwaka 2009. PS3 ilishuka mpaka 299 mwaka huo huo. Gemu ziliongezeka, bei ikapungua, na mtumba ukafuata. Ningekuwa naandika haya 2019 ningefunga kompyuta nikalala.

Novemba 2020 binamu yangu alinipigia simu. Yeye ana base, si mbali na pale mimi nilichezea Tekken, na mwaka huo ulikuwa umemvunja. Korona ilifunga mlango wake miezi kadhaa. Alikuwa amefungua tena lakini kafyu ilikuwa saa nne usiku, na saa za usiku ndizo zilizokuwa zikimlipia kodi. Chama chake kilikuwa kimemfikia zamu. Vijana walikuwa wanamwambia kila siku, leta PS5, leta PS5, tutajaa hapa. Akaniuliza, "Wewe unasomanga hizi vitu. Hizo gemu ziko nayo ni gani?"

Nikamsomea. Astro's Playroom, inayokuja ndani ya mashine bure na ni tamu kweli, ya mtu mmoja. Demon's Souls, gemu ya 2009 iliyotengenezwa upya, ya mtu mmoja na ngumu kama mwamba. Spider-Man: Miles Morales, ya mtu mmoja, na iko PS4 pia. Sackboy, mnaweza kucheza wanne, lakini nayo iko PS4. FIFA 21 ya PS5 yenyewe haikuwa tayari. Ilikuja mwanzoni mwa Desemba. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kwa hivyo mpira hakuna."

Mpira ulikuwepo, kwa sababu PS5 inasoma diski za PS4. Lakini hiyo ndiyo hoja yenyewe. Tulipiga hesabu pamoja kwenye simu. Kwa dola 499 na shilingi 109, mashine ni kama 54,000 bila usafiri, bila VAT ya asilimia 14, na bila faida ya muuzaji wa mjini, ambaye kwa uhaba ule alijipangia bei atakavyo. Weka 55,000 kwa kujidanganya. Mechi kwake ilikuwa 30. Kama PS5 ingemruhusu kutoza 50, hiyo ni ishirini zaidi ya PS4, kwa hiyo angehitaji mechi 2,750 ili ile tofauti irudishe pesa. Mashine moja isiyopumzika inatoa labda mechi tano kwa saa. Na kafyu iko. Na PS5 inakula stima kuliko PS4, na tokeni hazijali gemu yako ni ya kizazi gani.

Akanunua PS4 mbili zilizotumika. Uamuzi ulikuwa wake na ninauelewa mpaka leo. Ukichukulia gemu tu, muda umempa haki kwa namna ambayo hata yeye haiamini: FIFA 22 ilitoka kwa PS4. FIFA 23 pia. Jina likabadilika likawa EA Sports FC, na FC 24, FC 25, na FC 26 ya Septemba 2025, zote zikatoka kwa PS4. God of War Ragnarök, Novemba 2022, PS4 pia. Karibu miaka mitano baada ya PS5 kuzinduliwa, kile kitu kinachochezwa zaidi kwenye base za Nairobi bado hakikuhitaji PS5.

Ila kuna base nyingine upande wa Ziwani ambayo mwenyewe aliipata PS5 mwaka 2021. Mwezi wa kwanza watu walikwenda kuitazama kama wanavyokwenda kuona gari jipya la jirani. Walilipa zaidi, hawakulalamika. Kisha wengi wakarudi kwa binamu yangu kwa sababu ni bei nafuu na benchi ni lile lile, lakini si wote, na hasa hawakurudi wale wenye kazi, wanaolipa bila kukopa. Hapo nakiri hoja ya upande wa pili: kwa mwenye base, upya wenyewe ni bidhaa. Mtu hanunui orodha ya gemu. Ananunua nafasi ya kusema "nimeishika". Hilo wakaguzi wa gemu hawalihesabu kwa sababu wao hawauzi viti.

Halafu ikaja Januari 2024. Binamu yangu alikuwa amepata nafuu, PS4 moja imeanza kupiga kelele kama posho mill, na akaamua sasa ni wakati. Dola ilikuwa imevuka shilingi 160. Ile dola 499 ambayo 2020 ilikuwa 54,000 sasa ilikuwa karibu 80,000. Alikuwa amengoja miaka mitatu, kama tulivyozoea wote kungoja, na bei ilikuwa imepanda huku yeye ameketi. Shilingi baadaye ilirudi karibu 129, lakini Agosti 2025 Sony wenyewe wakaongeza bei Marekani, yenye diski ikawa dola 549.99. Piga hesabu: karibu 71,000. Konsoli ya mwaka wa tano ni ghali kuliko siku ya kwanza. PS2 ya mwaka wa tano ilikuwa imeshuka kwa nusu.

Hii ndiyo inayonisumbua, na sioni watu wengi wakiizungumzia kwa lugha yetu. Busara yote ya Eastlands kuhusu vifaa ilijengwa juu ya imani kwamba muda uko upande wa asiye na pesa. Tajiri anunue kwanza, alipie makosa, acheze gemu ya fataki. Kikishuka kitatufikia, na kitatufikia kikiwa kimekomaa. Kwa gemu, imani hiyo bado ni kweli. Kwa bei, haijulikani tena. Kijana anayeniuliza leo kama anunue mapema siwezi kumpa lile jibu la 2005. Naweza kumwambia asiangalie orodha ya siku ya kwanza, kwa sababu sijaona hata moja katika miaka thelathini, ukitoa labda Mario 64 ya mwaka 1996 na Zelda iliyokuja na Switch 2017, ambayo ingestahili kodi ya miezi minne ya mtu wa Kariokor. Na zote mbili ni za mtu mmoja. Lakini siwezi kumwahidi kwamba akingoja atalipa kidogo.

Ninachomuuliza badala yake ni atacheza na nani. Kama jibu ni peke yake usiku na sikio moja kwenye simu, simu yenyewe inatosha. eFootball iko humo bure, na nusu ya wateja wa binamu yangu wanaicheza wakiwa wamekaa kwenye benchi lake wakingoja zamu. Kama jibu ni ndugu zake na majirani, basi mashine ya zamani yenye padi nne nzima inashinda mpya yenye padi moja. Padi ya PS5 peke yake ni bei ya kuku watano au sita pale sokoni. Hilo halipo kwenye orodha ya uzinduzi.

Kuna gemu moja inayoweza kulazimisha mambo. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series, PS4 haimo. Tarehe iliyotolewa ni Novemba 19, 2026. PS5 iliuzwa Japani na Marekani Novemba 12, 2020, na katika sehemu kubwa ya dunia iliyobaki Novemba 19. Yaani gemu ya kwanza ambayo mtaa wetu utaihitajia PS5 kweli kweli itatoka miaka sita kamili baada ya mashine yenyewe, siku kwa siku. Na ni gemu ya mtu mmoja, haina mshindi, haiishi kwa dakika kumi. Nilimuuliza binamu yangu ataitozaje. Akasema kwa nusu saa, kama zamani za San Andreas, na walio kwenye benchi watakuwa wanamwambia anayecheza aelekee wapi. Ameshaanza kuweka shilingi mia mbili kila jioni kwenye kopo la Blue Band, isipokuwa siku za tokeni.